Nacho za motoni: Mlo wa walio nacho na wasio nacho

MIPANGO mingi ya wikendi hufia kwenye WhatsApp, na ukichunguza utagundua hufia mahali pamoja. Ujumbe wa kwanza huwa, "Wasee, tutoke Nairobi tukapige kambi." Wa pili ni emoji za moto. Wa tatu ni orodha ya michango: majina yote, kiasi kinachotakiwa, na tiki mbele ya kila aliyetuma. Kuanzia hapo kuna mmoja ananyamaza. Siku mbili baadaye anaandika kwamba kuna fom imetokea nyumbani, mtangulie tu, atakuja siku nyingine.

Hakuna fom yoyote nyumbani. Ni msoto. Na kila ukimwona anatoa sababu kama hiyo mara tatu mfululizo, jua kundi lenu limeshaanza kugawanyika kati ya walio nacho na wasio nacho, hata kama hakuna aliyelisema hilo kwa sauti.

Makala haya ni ya mapishi. Lakini tumeanza na huyo rafiki aliyenyamaza kwa sababu chakula tunachopika leo kinaweza kumrudisha kwenye duara. Ni nacho: krispi za mahindi zilizopangwa kwenye sufuria, zikamwagiwa maharagwe na jibini, zikapashwa juu ya makaa hadi jibini iyeyuke, kisha zikafunikwa kachumbari na avokado. Hazihitaji sahani, hazihitaji uma, wala hazihitaji mpishi mwenye cheti. Na kila mtu anaweza kuzichangia, hata asiye na shilingi kwenye simu.

ZILIZALIWA KWA KUKOSA MPISHI

Jina lenyewe halikuwa la chakula, lilikuwa la mtu. Kule Mexico, anayeitwa Ignacio huitwa Nacho kwa kifupi, kama vile Stephen anavyogeuka Stevo mtaani.

Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1943, Ignacio Anaya alikuwa mkuu wa wahudumu katika mkahawa wa Victory Club mjini Piedras Negras, kaskazini mwa Mexico. Mji huo unapakana na Eagle Pass, jimbo la Texas. Ni mto tu unaoitenganisha miji hiyo miwili. Kikundi cha wanawake, wake za wanajeshi wa Marekani waliokuwa kambini upande wa pili, kikavuka na kuingia mkahawani kikiwa na njaa. Mpishi hakupatikana.

Anaya angeweza kuwaambia warudi kesho. Badala yake aliingia jikoni na kuangalia kilichokuwepo. Alichukua vipande vya tortila, ile chapati nyembamba ya mahindi, vilivyokaangwa vikakauka. Akavinyunyizia jibini, akavitia kwenye joto hadi jibini ikayeyuka, akamalizia na vipande vya pilipili ya jalapeño iliyolazwa kwenye siki. Wanawake wale walikula wakaomba nyingine. Chakula kikapewa jina lake: Nachos Especiales.

Mwaka wa 1976, mfanyabiashara Frank Liberto alianza kuuza nacho katika uwanja wa besiboli wa Arlington, Texas, akitumia jibini ya majimaji inayomiminwa papo hapo ili foleni isikwame. Kutoka uwanjani zikaenda kwenye kumbi za sinema, na kutoka huko zikasambaa duniani. Ndiyo maana leo utazikuta kwenye menyu za mikahawa ya Westlands na Kilimani, kwa bei ya kukufanya ufunge menyu polepole na kuagiza maji.

Bei hiyo isikutishe. Chakula hiki kilibuniwa na mtu aliyetumia alichokuwa nacho. Usisahau pia kwamba mahindi yenyewe chimbuko lake ni Mexico, ambako wakulima walianza kuyakuza takriban miaka 9,000 iliyopita, kabla ya Wareno kuyaleta Afrika. Kwa hivyo ugali wa mama yako na nacho za Westlands ni ndugu wa ukoo mmoja.

MICHANGO BILA AIBU

Kabla ya kununua chochote, tupa ile orodha ya tiki. Badala ya kuuliza "nani ametuma pesa?" uliza "nani ataleta nini?"

Nacho zinakubali mfumo huu kuliko chakula kingine chochote cha kambini. Nyama choma ina gharama moja kubwa: ama mna pesa ya mbuzi ama hamna. Lakini nacho zinaundwa na vitu kumi vidogo vidogo. Aliyepata mshahara alete jibini, maana hiyo ndiyo ghali. Mwingine alete krispi. Wa tatu ana mti wa avokado kwao Kiambu au Murang'a. Huyo kesi yake imeisha. Wa nne achemshe maharagwe usiku wa kabla ya safari. Wa tano alete nyanya, kitunguu, dania na ndimu, vitu vya mama mboga.

Na yule ambaye hana kitu kabisa? Mpe moto. Yaani awe mkuu wa moto: ndiye anayeuwasha, anayeulinda, anayeamua makaa yako tayari na anayeuzima kabla ya watu kulala. Hiyo si kazi ya kumhurumia mtu. Ukisoma hadi mwisho utaona kwamba moto ndio unaoamua kama mtakula nacho au mtakula jivu.

Nauli ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu haiwezi kuletwa ndani ya kontena. Hapo mteue mweka hazina mmoja, mtu anayejua kufunga mdomo. Kila mmoja amtumie anachoweza, kwa siri, na yeye atangaze jumla tu: imetosha au bado. Kama kuna aliyetuma zaidi ili kumbeba mwenzake, hilo libaki kati yake na mweka hazina. Rafiki akilipiwa nauli kisha atangaziwe kwenye kundi, hatakuja mara ya pili.

VINAVYOHITAJIKA

Walaji: 6
Muda wa kuandaa: dakika 30 nyumbani, dakika 15 kambini
Muda wa kupika: dakika 8 hadi 10, makaa yakishakuwa tayari

• Krispi za mahindi za pembe tatu, gramu 400 hadi 500
• Jibini ya cheddar au gouda, gramu 300
• Maharagwe yaliyochemshwa yakaiva, vikombe 2
• Nyama ya kusaga, nusu kilo (si lazima)
• Vitunguu 3
• Kitunguu saumu, punje 3
• Nyanya 4 ngumu
• Avokado 2 zilizoiva
• Pilipili kali 2
• Ndimu 2
• Dania, fungu 1
• Maziwa lala mazito, nusu kikombe
• Bizari ya binzari nyembamba, kijiko 1 kidogo
• Chumvi na mafuta kidogo

Vyombo: sufuria pana au karai lenye kifuniko cha chuma, karatasi ya foili, wavu wa kuchomea nyama au mawe matatu, koleo au mkasi mrefu wa makaa, kijiti cha kukoroga moto, na mtungi wa maji wa lita 20.

Krispi ikikosekana au bei yake ikikushinda, tumia chapati. Chukua chapati nne au tano zilizolala, zile nyembamba zisizo na mafuta mengi. Kata kila moja vipande vinane kama unavyokata keki, kisha vikaange kwenye mafuta moto hadi vikauke na kulia "kra" ukivivunja. Viache vipoe kabisa kabla ya kuvifungia kwenye kontena. Ukivifunika vikiwa na joto, mvuke utavirudisha kuwa chapati.

Huenda ukashawishika kutengeneza tortila zako kwa unga wa ugali. Utapambana bure. Kule Mexico mahindi ya tortila huchemshwa kwanza kwenye maji yenye chokaa, na hiyo ndiyo inayofanya unga wake ushikane. Unga wetu wa sima haujapitia hatua hiyo, kwa hivyo ukiusukuma mwembamba unapasuka. Ukitaka ladha ya mahindi, changanya unga huo nusu kwa nusu na unga wa ngano, sukuma mwembamba, kausha kwenye kikaango, kisha kata na kukaanga.

MALIZA KAZI NYUMBANI

Kosa la wengi ni kubeba jikoni nzima hadi kambini. Gizani, upepo ukivuma na mkiwa na tochi moja ya simu, hakuna anayetaka kumenya vitunguu.

Maharagwe yachemshwe nyumbani hadi yaive kabisa. Nyayo ni mazuri kwa kazi hii. Usiyapeleke kambini yakiwa nusu mbichi ukitumaini moto utamalizia, kwa sababu maharagwe mekundu yasiyoiva huumiza tumbo vibaya. Yakishaiva, kaanga kitunguu kimoja na saumu, tia binzari nyembamba na chumvi, mimina maharagwe, kisha yaponde kiasi kwa mwiko. Yanapaswa kuwa mazito yanayoshika kwenye kijiko. Yakiwa na mchuzi, krispi zitalainika kabla hazijafika motoni.

Kama mnaweka nyama, ipikwe nyumbani pia hadi maji yakauke. Weka nyama na maharagwe kwenye makontena tofauti, yagandishe kwenye friza usiku kucha, na uyabebe kwenye kisanduku cha baridi. Chakula kilichopikwa kikikaa kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili kinaanza kuwa hatari, na safari ya matatu kutoka River Road hadi Naivasha, ukijumlisha kungoja ijae, inaweza kuzimaliza saa hizo. Hamna kisanduku cha baridi? Achana na nyama na kisha tumia maharagwe ya mkebe, ambayo hayahitaji baridi hadi uyafungue.

Jibini ikwangue mwenyewe. Ukishaikwangua, ibebe pamoja na vyakula vya baridi.

Nyanya, vitunguu viwili vilivyobaki, avokado na dania viende vizima. Vikatwe hukohuko.

MAKAA, WALA SI NDIMI ZA MOTO

Sasa tumefika kambini, na mkuu wa moto anaanza kazi. Anapaswa kuanza saa nzima kabla ya watu kusikia njaa.

Jambo la kuelewa ni hili: jibini iko juu, moto uko chini, na katikati kuna krispi zilizokauka kama nyasi za Januari. Ukiweka sufuria juu ya ndimi za moto, krispi za chini zitaungua muda mrefu kabla joto halijafika kwenye jibini. Utapata chakula cheusi chini na kibichi juu. Kwa hivyo hatupiki kwa moto, tunapika kwa makaa.

Tumia kuni ngumu zilizokauka. Mgunga hutoa makaa mazuri yanayodumu. Msonobari hutoa moshi mwingi na cheche. Mbao zilizopakwa rangi au vipande vya plaiwudi visiguse moto wa chakula, maana moshi wake una kemikali. Acha kuni ziungue hadi ndimi zipungue na ubaki na makaa mekundu yaliyoanza kuvaa jivu jeupe. Yavute makaa hayo pembeni, uyatandaze upana wa sufuria, na uache kuni nyingine ziendelee kuwaka upande wa pili kwa ajili ya mwanga na joto.

Kisha pima. Weka kiganja chako pale sufuria itakapokaa na uhesabu polepole. Ukilazimika kuondoa mkono kabla ya tatu, joto ni kali mno, punguza makaa. Ukifika tano au sita, hapo ndipo penyewe. Ukifika kumi ukiwa bado unapiga stori, makaa yamepoa.

Na sasa siri kubwa, ambayo haikutoka Mexico. Ukitembelea Pwani, utawakuta akina mama wanaopika wali kwa mkaa wakiutoa moto chini, wakifunika sufuria na kuweka makaa juu ya kifuniko. Huko ndiko kupalia. Joto linashuka kutoka juu na wali unakauka vizuri bila kushika chini. Mkate wa sinia nao huiva hivyo hivyo, moto juu na moto chini, bila oveni. Nacho zinataka mbinu hiyo hiyo. Makaa machache juu ya kifuniko yatayeyusha jibini huku makaa ya chini yakipasha tu.

HATUA KWA HATUA

1. Tandika foili ndani ya sufuria, ipande hadi kwenye kingo. Ipake mafuta kidogo ili jibini isigande.

2. Panga nusu ya krispi, zilaliane kidogo. Usizimwage kama mlima. Unataka eneo pana.

3. Tawanya nusu ya maharagwe na nyama kwa kijiko, matone madogo kila mahali. Nyunyiza nusu ya jibini hadi kwenye pembe.

4. Rudia tabaka la pili: krispi, maharagwe, nyama, jibini. Kuna sababu ya kufanya matabaka mawili. Ukiweka vitu vyote juu, watu watatu wa kwanza watakula jibini yote na wa mwisho atabaki akitafuna krispi kavu. Matabaka yanahakikisha anayechelewa kunyoosha mkono bado anakuta kitu.

5. Weka sufuria kwenye wavu au juu ya mawe matatu, kimo cha kiganja kimoja kutoka kwenye makaa. Funika. Kwa koleo, weka makaa sita au saba juu ya kifuniko. Kama kifuniko chako kina kishikio cha plastiki, usipalie. Funika tu na uongeze dakika chache.

6. Baada ya dakika tano, inua kifuniko kwa uangalifu jivu lisimwagike ndani. Zungusha sufuria nusu mzunguko ili upande mmoja usiungue. Jibini ikiyeyuka yote na kuanza kutoa viputo kingoni, ondoa. Isiyeyuke hadi ikageuka mafuta.

7. Wakati hizo dakika zinapita, wengine wanakata. Toa mbegu na maji ya nyanya kabla ya kuzikatakata. Changanya na vitunguu, pilipili, dania na ndimu ya kwanza. Chumvi iwe ya mwisho kabisa, maana huvuta maji. Ndiyo, hiyo ni kachumbari, na Wamexico wana yao inayofanana nayo kama pacha. Ponda avokado kwa uma, kamulia ndimu ya pili, tia chumvi.

8. Sufuria ikitoka motoni, mwaga kachumbari na avokado juu, dondoshea maziwa lala, na mle papo hapo. Nacho hazingoji picha kumi. Piga moja, weka simu mfukoni.

KILA MTU NA UPANDE WAKE

Anayefahamu sinia la pilau la Pwani anajua sheria zake: unanawa, unaketi, unakula kilicho mbele yako. Huvuki mpaka kumfuata mwenzako nyama yake. Sheria hizo hizo zitumike hapa.

Mtu mmoja azunguke na jagi la maji na sabuni kabla ya kula, kwa sababu mikono sita inaingia chombo kimoja. Wekeni sufuria chini kwenye ubao au jiwe bapa, mketi kuizunguka. Kila mtu aanzie upande wake, atoboe hadi tabaka la chini.

Kabla ya hapo, uliza maswali mawili. Kuna asiyekula nyama? Basi nyama ije kando, kila mtu ajiwekee. Kuna Mwislamu? Nyama iwe halali, na soseji ya nguruwe isikaribie sufuria hiyo. Na kama kuna ambaye maziwa humchafua tumbo, acheni kona moja bila jibini na muweke avokado maradufu. Kuuliza ni rahisi kuliko kumwona rafiki akisema "nimeshiba" huku tumbo likinguruma.

Utagundua kitu kingine. Mkahawani kila mtu ana sahani yake, na sahani huonyesha nani ameagiza nini. Mmoja ana baga na juisi, mwingine ana chipsi tupu na anajifanya hana njaa. Kwenye sufuria moja hakuna anayejua jibini ni ya nani na kitunguu ni cha nani. Aliyeleta dania anakula sawa na aliyeleta nyama. Wahenga walisema kizuri kula na nduguyo, na hawakuongeza "kulingana na mchango wake".

MAHALI, NA MAMBO YA KUFA NA KUPONA

Kwa mbogi ya Nairobi, Hell's Gate karibu na Naivasha ni chaguo zuri. Iko takriban kilomita 90 kutoka jijini, na ni mojawapo ya mbuga chache nchini unakoruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Ina maeneo ya kupiga kambi kama Naiburta na Ol Dubai. Malipo ya mbuga za KWS hufanywa kupitia eCitizen, kwa hivyo maliza hilo kabla ya kuondoka na ubebe kitambulisho.

Kumbuka tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na misitu iliyohifadhiwa. Chupa za maji, vikombe, sahani na mirija ya aina hiyo iache nyumbani. Hii ni sababu nyingine ya kupenda nacho: hazina sahani za kutupa. Foili iliyotumika ikunje urudi nayo, haiungui.

Usikate mti wala kuokota kuni mbugani bila kuuliza. Nunua kuni njiani, au umuulize askari wa mbuga. Washa moto pale tu panaporuhusiwa, kwenye duara lililotengwa, na uondoe nyasi kavu pande zote. Upepo ukizidi, ahirisha. Mnamo Februari 2022 msitu wa Aberdare uliwaka kwa siku kadhaa na kuteketeza eneo kubwa. Cheche moja kwenye nyasi za kiangazi haina simile.

Baada ya kula, mabaki yafungiwe ndani ya gari au kontena la kukaza, yasiingizwe hemani. Hell's Gate kuna nyani, na nyani hajui mipaka ya sinia.

Sasa sikiliza hili vizuri. Usiku Naivasha kuna baridi, na kuna msee atakayependekeza mwingize jiko au makaa yaliyobaki ndani ya hema "kidogo tu mpate joto". Kataa. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Haikukohozi ili ujue hatari iko. Inakuletea kichwa kuuma na usingizi, na usingizi huo ndio wa mwisho. Hata makaa yanayoonekana kufa kwa jivu bado yanaitoa. Kufungua zipu kidogo hakutoshi. Kila msimu wa baridi hapa Kenya huwa tunasoma habari za watu waliolala na jiko ndani wakakutwa wamekufa asubuhi, na wengi wao hawakuwa hata kambini, walikuwa nyumbani kwao. Mkisikia baridi, ongezeni blanketi, vaeni soksi mbili, laleni mkikaribiana.

Ndiyo maana kazi ya mwisho ya siku ni ya mkuu wa moto. Amwage maji juu ya makaa yote, si yale mekundu tu. Akoroge kwa kijiti, amwage tena. Kisha aweke mgongo wa kiganja karibu na jivu. Kama bado kuna joto, hajamaliza. Hakuna kuingia hemani hadi aseme moto umekufa.

HUNA HATA NAULI YA NAIVASHA?

Basi usiende Naivasha. Jiko la makaa kwenye uwanja wa ploti, au nyuma ya nyumba ya shangazi Rongai, linapika nacho sawasawa na makaa ya mgunga. Muhimu liwe nje, mahali wazi, mbali na mlango na nguo zilizoanikwa, na wala si kwenye kibaraza cha ghorofa ya nne. Tia makaa machache kuliko ya kuchomea nyama, palia juu ya kifuniko, hesabu hadi tano kwa kiganja chako. Krispi zikishindikana ni chapati. Nyama ikishindikana ni ndengu. Jibini ikiwa kidogo, ikwangue nyembamba zaidi ili ifike kila kona.

Wiki hii, kabla hujaandika chochote kwenye kundi, mpigie simu yule rafiki aliyenyamaza. Usimuulize kama ana pesa. Mwambie mnatafuta mtu wa kusimamia moto.